Nikumbushe Kesho

Kwenye kifuniko cha kompyuta ya Mwalimu Breki palibandikwa karatasi kwa plasta ya kidonda. Maandishi yake yalikuwa ya kalamu nyekundu, herufi kubwa, yamepigiwa mistari miwili chini: USIRUHUSU APDETI. Plasta ikichakaa, mzee alibandika nyingine juu yake, na nyingine tena, mpaka pembe za ile karatasi zikawa nene.

Sasa niambie, mtu kaandikiwa hivyo kwa wino mwekundu, kaona, kasoma, kaelewa, halafu kafanya kinyume. Utamtetea kwa lipi? Binti wa Mwalimu alikuwa na utetezi, tena wa maana, na tutausikia. Lakini tuanze na wazee wenyewe, maana usipowajua hao, haya mengine utayaona ni ugomvi wa mashine tu.

Mwalimu Breki alifundisha udereva miaka thelathini na moja. Jina walimpa wanafunzi wake, kwa jinsi alivyolitamka hilo neno. Hakufoka. Hata kama mti uko mbele hatua mbili, alisema taratibu tu, "Breki, mama, breki," utadhani anakukaribisha kiti. Mkewe naye alikuwa mwanafunzi wake. Alisimulia mara nyingi, na hakuna aliyechoka kumsikiliza, kwamba wiki tatu za kwanza hakuijua vizuri hata sura ya mwalimu wake, kwa sababu kila alipogeuza shingo aliambiwa, "Usiniangalie mimi, angalia barabara." Akaipenda ile sauti ya ubavuni hivyo hivyo, bila kuitazama. Leseni aliipata kwenye jaribio la nne. Ndoa aliipata kabla ya leseni. Na mpaka leo mumewe humwita Dereva.

Miaka sita iliyopita sukari ilimfunga Dereva macho yote mawili. Mwalimu akarudi kazini, safari hii ndani ya nyumba. "Kushoto kidogo, Dereva. Nyoosha. Kizingiti hicho, panda. Haya, breki." Mama alitembea kutoka chumbani hadi jikoni hadi kibarazani bila fimbo na bila kugusa ukuta, akifuata sauti. Fimbo alipewa hospitalini, akaitumia kuangushia mapapai.

Baada ya miaka miwili likaja koo la Mwalimu, saratani. Madaktari walisema wazi kwamba watatoa zoloto lote, kile kijumba cha sauti, la sivyo watamzika. Majirani, wenye midomo isiyojua likizo, wakaanza: huyu haoni, yule hatasema, hao wataishije? Wengine walisema kwa huruma, wengine kwa utamu wa kusema.

Aliyewaokoa ni mtaalamu wa matamshi pale hospitalini. Wiki mbili kabla ya upasuaji alimkalisha Mwalimu kwenye chumba kidogo kilichozibwa kwa magodoro, akamweka mbele ya maikrofoni, akamsomesha sentensi elfu moja na mia sita. Sentensi zenyewe za ajabu ajabu, zisizo na kichwa wala miguu, ili kila mlio wa mdomo upatikane. Programu ikazichukua, ikazichambua, ikashona sauti. Tangu hapo Mwalimu alichapa maneno kwa vidole viwili na kompyuta ikayasema kwa sauti yake mwenyewe. Ilikuwa na ukavu kidogo, ya mtu aliyeamka sasa hivi, lakini ilikuwa yake. Kitu kimoja tu haikukiweza: kucheka. Mzee akichapa ha ha ha, ilisoma "Ha. Ha. Ha," kama karani anayehesabu magunia, na mkewe alikuwa hoi kwa kicheko.

Seremala alimtengenezea kibao chenye mkanda wa shingoni, kama cha wauza karanga, akaiweka kompyuta juu yake na kutembea nayo. "Kushoto kidogo, Dereva. Breki." Maisha yakaendelea.

Tatizo ni kwamba waliotengeneza ile programu walifunga duka mwaka ule ule. Programu ikabaki yatima. Mtaalamu wa matamshi ndiye aliyeandika ile karatasi nyekundu, akaeleza kwamba mfumo wa kompyuta ukibadilika, programu hii haitapata wa kuielewa. Basi. Kila asubuhi saa mbili dirisha dogo lilijitokeza kwenye kioo: masasisho yako tayari, usakinishe sasa au nikukumbushe kesho? Na kila asubuhi Mwalimu alibonyeza kesho.

"Nimemfukuza yule mgeni," sauti yake ilitangaza.

"Kasema atarudi lini?"

"Kesho."

"Hana haya huyo," mama alijibu, akanywa chai yake. Miaka minne walifanya mchezo huo na haukuwachosha.

Sasa huyo binti. Alikuwa mtoto wao wa pekee, na kama ilivyo kwa watoto wa pekee, alidekezwa na mmoja na kunyooshwa na mwingine. Mnyooshaji alikuwa mama. Binti alipokuwa na miaka tisa aliviringisha gurudumu la gari ndani ya nyumba, akavunja kioo cha kabati. Mama aliporudi na kuuliza, baba aliinuka haraka: "Ni mimi, Dereva. Nilijigonga. Sikuvaa miwani." Siku hizo Mwalimu hakuwa na miwani. Hakuwa hata ameota kuwa nayo. Mama alimtazama, akachukua ufagio, akafagia vigae bila neno.

Msichana huyo alikua, akasoma, akawa msimamizi wa kompyuta kwenye maabara kubwa ya vipimo. Mashine arobaini zilikuwa mikononi mwake. Na hapo ndipo penye utetezi wake. Mapokezi alikuwepo mzee mmoja, karani wa siku nyingi, ambaye kompyuta yake ilichapa vibandiko vya chupa za damu kwa programu ya zamani. Alimwomba: "Mwanangu, mashine yangu iache kama ilivyo. Ukiibadilisha sitaiweza." Akamhurumia. Mashine thelathini na tisa akaziwekea apdeti zijisakinishe zenyewe, ile moja akaiacha.

Virusi vilipita kwenye ile moja. Asubuhi moja wakakuta majibu yote yamefungwa, hakuna anayeweza kufungua hata la mtu mmoja. Siku tatu wauguzi waliandika kwenye makaratasi, na wagonjwa zaidi ya mia mbili wakaitwa kutolewa damu upya. Mama mmoja alisimama kaunta na kitoto kimekonda mgongoni, akauliza, "Damu tena? Mshipa gani umebaki wa kutoboa?" Binti alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwake. Barua ya onyo aliyopewa baadaye haikumuuma hata robo ya swali lile.

Tangu siku hiyo alikoma kuhurumia. Mashine zote zikajiwekea apdeti zenyewe, upende usipende, uwe katikati ya barua au mwisho wake. Wenzake wakamwita Bi Apdeti, akaitika. Alikuwa na hofu, tuseme ukweli. Aliamka nayo na kulala nayo.

Basi Jumapili moja akaenda kuwasalimia wazee. Baada ya chakula baba alimwonyesha kichekesho alichotumiwa na wanafunzi wake wa zamani, na binti, badala ya kucheka, akaona kipicha kigeni pembeni mwa kioo.

"Baba, hiki ni nini?"

Mwalimu akachapa. Sauti yake ikatoka, tulivu: "Sijui. Kilikuja na kile kichekesho. Kinasema kinasafisha kompyuta."

"Ukakiruhusu?"

"Kiliomba kwa adabu."

Mama alicheka huko alikokaa. Binti alikifuta kile kitu, akapekua huku na huku, akakuta mfumo haujaguswa miaka minne, matundu kila mahali.

"Baba, sikiliza. Lazima tuweke apdeti. Hao wezi wakiingia hawataiba picha, watafunga kila kitu. Na sauti yako wataifunga. Nimeyaona haya kwa macho yangu."

"Karatasi inasema usiruhusu."

"Karatasi ni ya miaka minne! Dunia imebadilika."

"Gari linatembea vizuri. Kwa nini nifungue injini?"

"Kwa sababu halina breki, baba!"

Hilo lilimgusa, wakajua wote. Vidole viwili vikachapa polepole. "Hapana, mwanangu. Gari hili nampakia mama yako. Usiliguse."

"Mwache baba yako," mama akadakia. "Kazini kwako umewatia hofu, sasa unataka kututia na sisi."

Binti akanyamaza. Lakini kunyamaza kwake hakukuwa kukubali, na aliyemzaa alipaswa kulijua hilo.

Saa kumi Mwalimu aliingia kuoga. Kuoga kwake kulikuwa kazi ndefu, kwa ajili ya lile tundu la shingoni lisilotakiwa kuingia maji. Mama alikuwa kibarazani anasikiliza redio. Kompyuta ilikuwa mezani, wazi. Binti akachomeka diski yake ndogo, akanakili mafaili yote ya baba: barua, picha, majina ya wanafunzi wa miaka thelathini na moja. Alijua, maana hiyo ndiyo kazi yake, kwamba programu nyingine huficha vitu vyake ndani kabisa ya mfumo, mahali ambapo kunakili kwa kawaida hakufiki. Alijua kwamba anapaswa kuitafuta sauti inakaa wapi. Alianza kuitafuta. Ndipo maji bafuni yakakatika, akasikia ndoo inasogezwa.

Nitaitafuta wiki ijayo, akajiambia. Akaifungua mipangilio, akabadilisha sehemu moja tu: masasisho yajisakinishe yenyewe. Akafunga kifuniko. Plasta ya pembeni ilikuwa imenyanyuka, akaibonyeza kwa kidole gumba mpaka ikashika.

Jumatatu kimya. Jumanne kimya. Jumatano saa moja na dakika ishirini asubuhi, akiwa ndiyo kwanza anafungua mlango wa ofisi, simu ikalia. Ni mama.

"Mwanangu." Alikuwa ananong'ona. "Kuna mwanamume humu ndani."

"Mwanamume gani?"

"Sijui! Nimejifungia bafuni. Nimeamka, nimekaa kitandani nasubiri baba yako aniambie nishuke, nikasikia mtu pembeni yangu, kijana, anachekacheka, ananiita Dereva. Ananiita Dereva, mwanangu! Analijua vipi jina hilo?"

Binti alishika ukingo wa meza.

"Mama, baba yuko wapi?"

"Simsikii. Nimemwita, hajibu. Sijui wamemfanya nini. Nimekimbia, nimeanguka kwenye kizingiti, mkono huu hausogei." Nyuma ya sauti yake mlango ulikuwa unagongwa, unagongwa kwa nguvu. "Ndiye huyo! Anavunja mlango! Piga simu polisi!"

Na ndani ya simu ile ile, kwa mbali, binti akaisikia. Sauti ya kijana mchangamfu, laini, ya wale wanaosoma matangazo ya sabuni redioni: "Fungua, Dereva! Ni mimi! Fungua!"

"Mama," alisema. "Mama, fungua mlango. Huyo ni baba."

"Una wazimu?"

"Ni kompyuta, mama. Sauti imebadilika. Shika mikono yake. Fungua, umshike mikono."

Alisikia komeo likivutwa. Halafu hakusikia maneno tena, alisikia mama yake akilia, na kilio hicho hakikuwa cha mkono.

Alipofika nyumbani, jirani alikuwa ameshampeleka mama hospitali na kumrudisha. Kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika, mkono umefungwa bandeji ngumu mpaka kwenye kiwiko. Mwalimu alikaa kwenye kigoda, kibao kiko sakafuni, kompyuta imefungwa. Shati alilivaa kwa kugeuza, vifungo ndani. Alimwangalia binti yake mara moja tu, halafu akaangalia dirishani, na binti akajua kwamba baba ameshafungua ile mipangilio na kuona.

"Imekuwaje?" mama aliuliza. "Si kila siku huwa anamfukuza yule mgeni?"

"Apdeti zimejisakinisha zenyewe, mama," binti akasema.

Wala hakudanganya, ukitaka kubishana. Zilijisakinisha zenyewe kabisa. Alikaa akalitafuna jibu lake hilo, akaliona lina ladha mbaya.

Baba alifungua kompyuta, akajaribu. "Pole sana, Dereva!" ilisema ile sauti ya sabuni. "Bado mkono unauma?"

Mama aligutuka mwili mzima, chai ikamwagika.

"Zima huyo mtu."

"Mama, ni baba anayechapa..."

"Najua ni baba yako! Mimi si mjinga. Najua kwa akili. Lakini mwili unakataa. Siwezi kukaa gizani na mwanamume nisiyemjua ananiuliza habari za mkono. Zima."

Akazima. Siku zilizofuata nyumba ile ilikuwa kimya, kimya kibaya. Mwalimu alimshika mkewe mkono mzima na kumwongoza, lakini hawakuwa wamezoea, walikanyagana. Alijaribu kumgongea mezani, mara moja ndiyo, mara mbili hapana, na kwa ndiyo na hapana utazungumza nini na mtu uliyeishi naye miaka arobaini? Mama akaomba ile fimbo. Ilikuwa bado nje, imeegemea mpapai. Binti ndiye aliyeileta, akaifuta vumbi, akamkabidhi bila kumwangalia, ingawa hata angemwangalia mama asingejua.

Yeye alichukua likizo akahamia kwa wazee. Alijaribu kila alichokijua. Akataka kuurudisha mfumo wa zamani, akakuta kompyuta ilikuwa na nafasi ndogo, kwa hiyo apdeti ilipomaliza kazi ilifagia masalia yote yenyewe, kwa bidii, kama ilivyoagizwa. Programu yatima ilihesabiwa ni masalia, na mahali pake mfumo ukaweka sauti yake wenyewe, ya yule kijana. Akachimba kwa zana za kazini, akapata vipande visivyoungana. Akaandika barua kwa waliofunga duka, zikarudi. Bi Apdeti! Mashine arobaini zinamtii, na hii moja ya baba yake inamtazama tu.

Siku ya tisa alikwenda kwa mtaalamu wa matamshi. Mwanamke huyo alimsikiliza mpaka mwisho.

"Karatasi yangu ilitolewa?"

"Haikutolewa. Bado ipo."

Mtaalamu alifungua kabati, akapekua muda mrefu. Zile sentensi elfu moja na mia sita zilitumwa zote kwa waliotengeneza programu, alisema, na hospitali haikuruhusiwa kubaki nazo. Ila zipo tisa za majaribio, alizosomeshwa Mwalimu siku ya kwanza ili kupima maikrofoni. Akamnakilia kwenye flashi. Binti alirudi nyumbani ameishika flashi ile ndani ya kiganja, haikuingia hata mfukoni.

Wazee walikuwa mezani. "Mama, kuna kitu nimepata," akasema, akafungua kompyuta.

Na Mwalimu Breki akasikika, Mwalimu mwenyewe, wa kabla ya kisu, hata ukavu hana. "Ng'ombe wawili wamevuka daraja jipya." Pumzi. "Shangazi ananunua nyanya na vitunguu." Pumzi. "Je, chumba cha tatu kina dirisha?"

Mama alikuwa ameinua uso. Mkono wake mzima ulishika ukingo wa meza. Alisikiliza zote tisa, mpaka ile ya mwisho, "Mvua ya jana haikugusa ghala," na kimya kilichofuata. Mwalimu alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja, utadhani sauti ile imetoka humo kwa bahati mbaya.

"Rudia," mama akasema.

Binti akarudia. Ng'ombe wakavuka tena, shangazi akanunua tena.

"Ni yeye," mama akasema mwishowe. Machozi yalikuwa yanamtiririka, hakuyafuta. "Ni yeye kabisa. Lakini haongei na mimi."

Binti akaizima. Hakuna kilichowahi kumuumiza kama hicho, hata yule mama wa kaunta. Alitaka kuomba radhi, na maneno yakamjaa mdomoni, lakini mama alikuwa bado hajamaliza.

"Nina swali, na nataka nijibiwe," mama akasema. Ilikuwa ile sauti yake ya zamani, ya kioo cha kabati. "Mashine haijiamulii. Miaka minne haikujiamulia kitu. Kila asubuhi inauliza, inaambiwa kesho, inaondoka. Halafu siku moja tu iamke ijifanyie inavyotaka? Nani aliigusa?"

Binti alifungua mdomo. Aliona miaka yote iliyobaki, mama na fimbo yake, baba na vidole vyake vya kugonga meza, na kila kimya cha nyumba ile kitakuwa na jina lake.

Kabla hajapata neno, baba aliinyakua kompyuta. Akaivuta mbele yake, akachapa kwa vidole viwili, haraka, bila kumwangalia mtu. Na yule kijana wa matangazo ya sabuni akapaza sauti kwa furaha zake zote:

"Ni mimi, Dereva! Nilibonyeza vibaya. Sikuvaa miwani!"

Mama hakugutuka.

Alikaa, kichwa amekiinamisha upande, kama alivyokuwa akikaa zamani garini, akisubiri kuambiwa akate wapi. Mabega yalianza kumtikisika. Binti alidhani analia tena, akainuka, ndipo akaona kwamba mama yake anacheka. Alicheka mpaka bandeji ikagonga meza, akasema "aah, mkono," akaendelea kucheka.

"Miwani!" akasema. "Hakuvaa miwani! Jamani, huyu mtu!" Akaupeleka mkono wake mzima hewani, ukitafuta, ukapata kwanza kikombe, halafu ukingo wa kompyuta, halafu vidole vya mumewe juu ya vitufe. Akavishika. "Mwalimu."

Vidole vikasogea chini ya mkono wake. "Naam, Dereva," ikasema ile sauti ngeni.

Mama alivuta pumzi ndefu. Ilionekana wazi kwamba haikuwa rahisi, kwamba mwili bado ulikuwa unakataa na yeye anaulazimisha. "Sema tena," akasema. "Sema taratibu. Nitakuzoea."

"Mama," binti akasema, na sasa alikuwa analia waziwazi, kamasi na vyote. "Si baba. Ni mimi. Mimi ndiye niliye..."

"Najua ni wewe. Nimejua tangu Jumatano." Mama hakugeuka. Alikuwa ameelekeza sikio kwa yule kijana mchangamfu wa redioni, uso umekunjamana kwa bidii ya kusikiliza. "Nyamaza kwanza, baba yako anaongea."